Ngazi Tisa za Ukumbi wa Kornelio

Siku ya mnada Karatu huacha kuwa mji ikawa zogo. Mbuzi hupita mbele ya maduka kama wenye miadi mahali, moshi wa nyama choma huingia mpaka kwenye nguo za waliofunga, na wauza mitumba husimama juu ya mafurushi yao wakihubiri kuliko wachungaji. Katikati ya zogo hilo, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kijana mmoja mrefu alikuwa amepiga magoti mlangoni akipima kizingiti kwa futi kamba. Shati lake jeupe lilipigwa pasi kwa bidii ya mtu anayeishi peke yake: mbele limenyooka, mgongoni mikunjo mitupu.

Penina alikuja kununua balbu, na kijana huyo alikuwa ameziba mlango.

"Samahani dada," kijana alisema bila kuinua uso, maana kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa magurudumu, "hicho kiti mwendo kina upana gani?"

"Na wewe kiuno chako kina inchi ngapi?"

Kijana akainua uso. Aliona gauni la kitenge cha manjano, koti la jinsi, nywele zilizosukwa mistari, na macho yaliyokuwa yanasubiri jibu kwa dhati.

"Thelathini na mbili," alijibu.

"Asante. Sasa tusalimiane. Kwenu wasichana huwa mnaanza kuwapima?"

Jina lake lilikuwa Silvanus, fundi sanifu wa majengo, mwenye mkataba wa mwaka mmoja na ofisi ya ujenzi. Alieleza, huku akijipangusa vumbi magotini, kwamba kanuni za ujenzi zinarekebishwa nchi nzima, ile sehemu inayohusu watu wenye ulemavu: milango, vyoo, ngazi. Yeye katumwa kupima milango ya mjini.

"Umeshapima mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Mimi ningepita mingapi?"

Silvanus akafungua daftari. Alihesabu mara mbili, akitumaini hesabu ya pili itakuwa na adabu zaidi. "Sita."

"Na huu?"

"Huu hapana."

"Basi kaniletee balbu."

Akaingia kwa haraka, akarudi na balbu ya pini. Nyumbani kwa Penina zilitumika za kuzungusha. Akarudi ndani, akatoka na ya kuzungusha, ikawa imeungua. Mara ya tatu alifanikiwa, akaikabidhi kwa mikono miwili kama kombe la mpira.

"Naomba na namba yako ya simu," alisema. "Kwa ajili ya utafiti."

"Utafiti wa nini?"

"Milango."

Penina alicheka kwa sauti mpaka mbuzi mmoja akageuka. Namba alimpa.

Miguu ya Penina iliomba likizo akiwa na miaka minane, baada ya homa kali, na haikuripoti tena kazini. Mikono ilichukua majukumu yake yote. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kazi yake ilikuwa katika ofisi ndogo ya kampuni ya utalii kando ya barabara kuu, kujibu barua za wageni wanaotaka kuona tembo. Wageni wengine walikuwa wazee, wengine watumiaji wa viti mwendo kama yeye, nao waliuliza swali moja: je, hiyo hoteli ina ngazi? Penina aliwajibu ukweli. Bosi wake alinuna, kisha wageni wakaandika kumsifu, bosi akanunua keki.

Silvanus alipiga simu kila jioni.

"Leo nimepima choo cha baa," alisema siku moja. "Nimekukumbuka."

"Silva, hakuna mwanamke duniani aliyewahi kuambiwa hivyo."

"Mlango sentimita sitini. Nikasema, Peni wangu hapa angegoma."

"Peni wangu? Nani kakupa hati miliki?"

"Nimeomba. Naona maombi yanashughulikiwa."

"Yako kwenye faili. Faili limepotea. Lala salama, kipenzi."

Akakata kabla hajajibu. Silvanus akabaki amelishika neno *kipenzi* sikioni kama mtu aliyepewa yai na hana pa kuliweka.

Jumamosi moja walipanda Ngorongoro katika gari la kampuni lililopeleka vyakula kwa wageni. Jackson, dereva, alisimamisha gari kwenye ukingo wa kreta, akajifanya anakagua injini iliyokuwa nzima kabisa. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Penina alijifunika shuka jekundu la Kimasai, upepo ukalipeperusha likampiga Silvanus usoni.

"Huwa nawaandikia watu kuhusu mahali hapa kila siku," Penina alisema. "Leo ni mara ya tatu tu kupaona."

"Nitakuleta mpaka uchoke."

"Usinilete. Tuje."

Silvanus alicheka, akasema ni kitu kilekile. Penina hakucheka. Ukungu ukafunguka, ziwa likaonekana chini likimetameta, Jackson akapiga honi kwa furaha ya kazi yake, na jambo hilo likaachwa pale pale ukingoni.

Mwezi uliofuata ilikuja barua: timu ya watu watatu wanaokusanya maoni kuhusu kanuni mpya ingefika Karatu. Wadau wote walikaribishwa. Silvanus aliteuliwa katibu wa kikao na mtafuta ukumbi, akachagua Ukumbi wa Kornelio, kwa sababu ulikuwa na jenereta.

Mzee Kornelio aliujenga ukumbi wake juu ya msingi mrefu ili tope jekundu la masika lisijue hata mlango uko wapi. Kwa hiyo kikao cha kujadili namna watu wote wataingia katika majengo kilipangwa kufanyika juu ya ngazi tisa.

"Njia ya kiti ipo?" Penina aliuliza kwenye simu.

"Ipo nyuma, nimeiona."

"Umeipima?"

"Nimeiona, mpenzi. Imejengwa kwa zege kabisa."

Penina alikwenda mwenyewe Jumapili baada ya ibada. Njia aliyoisema Silvanus ilikuwa ile ambayo mafundi waliitumia kupandishia matoroli ya zege wakati wa ujenzi. Ukumbi ulipokwisha hawakuibomoa. Mtu alichora juu yake picha ya kiti mwendo kwa rangi ya buluu, na tangu hapo kila aliyeuliza aliambiwa ipo. Ilipanda kama ukuta uliochoka, ikaishia kwenye mlango wa jiko.

Alikaa pale akiitazama. Halafu alipata wazo, na hakumwambia mtu. Angefika siku ya kikao akae chini ya ngazi. Asingepiga kelele. Angesubiri mpaka kiongozi wa timu atoke amuone, aandike kwa mkono wake mwenyewe: *mdau hakuweza kuingia.* Maana katika kanuni mpya kulikuwa na mstari mmoja uliokuwa bado unabishaniwa: masharti haya yahusu majengo mapya tu, au pia yaliyopo yanayohudumia watu? Penina hakuwa na shida na majengo mapya. Maisha yake yote aliyaishi katika yaliyopo.

Kwa nini hakumwambia Silvanus? Kwa sababu ukumbi aliutafuta yeye, na mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Alitaka jambo litokee bila mkono wa Silvanus, ili kijana asije akaulizwa. Alimficha kwa upendo, na kosa lake lilikuwa hilo.

Siku ilifika na manyunyu. Penina alivaa gauni la kijani lenye mikono mipana na hereni za shanga, akajipanga chini ya ngazi, mwavuli mkononi, uso umetulia kama wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Wadau walimpita wakipanda. "Pole dada." "Ngoja tukuitie watu." Kila mmoja Penina alimjibu: "Nasubiri, asante."

Zilipita dakika ishirini. Kiongozi wa timu, Bi Anifa, alikuwa amesimama ndani, mita kumi tu kutoka mlangoni, akinywa chai. Alianza kugeuka.

Wakati huohuo Silvanus alitokea mlangoni na makaratasi yake. Akamwona mpenzi wake ananyeshewa. Makaratasi yakaanguka. Alishuka ngazi tatu tatu, akaupiga mwavuli kando, akamwinua Penina kifuani, akaanza kupanda.

"Silva. Niweke chini."

"Usijali, mama. Nimekushika."

"Silva, niweke!"

Hakuna aliyesikia, kwa sababu watu walikuwa wanapiga makofi. Walitoka mpaka kwenye baraza, simu juu, vigelegele vikapigwa na akina mama wa kikundi cha upishi. Silvanus alipofika ngazi ya tisa alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Penina alikuwa amefumba macho. Bi Anifa alitabasamu pia, akapeana mkono na mgeni wake mwenye hereni nzuri, na kikao kikafunguliwa kwa sala.

Mezani kulikuwa na fomu. Swali la nne liliuliza: *Je, ukumbi ulifikika na watu wenye ulemavu?* Katibu wa kikao, mikono yake bado ina joto la kumbeba, aliweka alama kwenye Ndiyo.

Jioni mama yake Penina alipiga simu kutoka Ganako. Video ilikuwa imefika huko kabla ya mvua.

"Mwanangu! Nimeona! Huyo mkwe ana mgongo!"

"Mama..."

"Baba yako kaitazama mara nne. Anasema aje tu, hata kesho. Sisi tulikuwa tunaomba mtu wa kukubeba tutakapokuwa hatupo."

Penina alisema ana kazi, akazima simu, akaliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha.

Jumatatu muhtasari ulisambazwa kwenye kundi la wadau. Aliusoma mara moja. *Mdau mwenye ulemavu: mmoja. Ukumbi ulifikika. Wilaya haikuonyesha tatizo kwa majengo yaliyopo.* Chini kulikuwa na saini aliyoifahamu, ile yenye mkia mrefu ambao alikuwa akiutania. Akampigia.

"Kipenzi!" Silvanus alipokea. "Nilikuwa..."

"Swali la nne umejibu nini?"

"La nne? La kufikika? Ndiyo. Si ulifika?"

"Nilifika?"

Upande wa pili zilisikika karatasi zikipekuliwa.

"Sikuja kuingia, Silvanus. Nilikuja kushindwa kuingia. Mama yule alikuwa anageuka. Alibakiza nusu hatua."

"Hukuniambia!"

"Nilikwambia uniweke chini. Mara mbili."

"Ulikuwa unanyeshewa, Peni. Ningekuacha? Watu wangenionaje?"

"Walikuona vizuri sana. Walikupigia makofi." Sauti yake ilikuwa tambarare. "Shuleni maabara ilikuwa ghorofani. Wavulana wanne walinibeba kila Jumanne, wakicheka, mikono yao popote inapotaka kushika. Siku moja walinipandisha, kipindi kikaisha, wakaenda mpirani. Nilikaa na vile vichupa mpaka kengele ya chakula cha usiku. Waliponikumbuka, mwalimu wa zamu aliniambia niwashukuru."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Uliuliza upana wa kiti tu." Akavuta pumzi. "Usinipigie."

Hakumpigia, na hilo lilimsumbua Penina kuliko kama angepiga. Wiki ya kwanza aliiweka simu juu ya meza uso chini. Wiki ya pili aliigeuza. Ofisini bosi alimuuliza anaumwa nini, akasema meno.

Silvanus naye alikuwa hali wala halali. Siku ya tatu tu baada ya simu ile alikwenda Ukumbi wa Kornelio na futi kamba yake. Mzee Kornelio akamfuata nyuma, mikono mgongoni.

"Unapima nini tena? Si mlishamaliza?"

"Hii njia, mzee. Ni ya nini?"

"Ya walemavu. Huoni picha?"

"Ilijengwa kwa ajili ya nini?"

Mzee alikohoa. "Matoroli. Lakini gurudumu ni gurudumu."

Silvanus alipima. Ukumbi ulikuwa juu kwa mita moja na sentimita sitini na mbili. Kwa kila hatua moja ya kupanda, kiti mwendo huhitaji hatua kumi na mbili za urefu, kwa hiyo ilipasa njia iwe na karibu mita ishirini. Ile ilikuwa na sita. Alijua hesabu hiyo tangu chuoni. Aliwahi kuifanyia mtihani akapata alama ya juu, kisha akaja hapa akaitazama picha ya buluu na kusema ipo.

Alimwendea mkuu wake, Bwana Naftali, mtu mpole aliyeogopa kila karatasi yenye mhuri.

"Nataka kubadilisha jibu la nne."

"Muhtasari umeshasainiwa, kijana."

"Nilikosea."

"Umekosea na nani anajua? Watu wamefurahi. Umeonekana kwenye video unamsaidia mlemavu, ofisi nzima imepata sifa. Sasa unataka tuandike kwamba tuliwaita kwenye ukumbi usiofaa? Ukumbi ulioutafuta wewe?" Alishusha sauti, kwa huruma ya kweli. "Mkataba wako niko nao hapa mezani. Tulia."

Silvanus alitulia siku mbili. Siku ya tatu aliandika barua kwa Bi Anifa, akaituma kwa jina lake bila kupitia kwa mtu. Iliweka vipimo vyote, picha ya njia ya matoroli, na mwishoni haya: *Jibu la nne ni langu na si la kweli. Aliyeingia ukumbini ni mimi. Yeye nilimbeba, bila kumuuliza, na aliponiambia nimshushe sikumshusha.*

Mwisho wa mwezi mkataba haukuongezwa. Bwana Naftali alimpa mkono kwa muda mrefu na kumwambia amtafute siku nyingine.

Siku chache baadaye simu ya Penina iliita kwa namba ngeni.

"Penina? Mimi Anifa, wa ile timu ya kanuni. Nimepata barua. Nakuomba radhi, dada yangu. Nilikunywa chai nikiwa nimekupa mgongo. Jumatano tunakaa Dodoma kuamua ule mstari wa majengo yaliyopo. Nataka uwaambie wewe. Ukumbi wa Dodoma nimekwenda kuupima mwenyewe, usiwe na wasiwasi."

"Barua ya nani?"

Bi Anifa akamsomea. Alipofika mwisho, Penina aliomba arudie sentensi ya mwisho, kisha akashukuru, kisha akakaa na simu mkononi mpaka bosi akaja kuuliza habari za meno.

Usiku huo alipiga yeye.

"Hujambo."

"Sijambo." Silvanus aliongea taratibu, kama mtu aliyebeba trei ya glasi.

"Wamekufukuza?"

"Hawakuniongeza. Ni tofauti ndogo. Nimepata kibarua Malambo, kusimamia ujenzi wa madarasa. Naondoka wiki hii."

"Ungeniambia umeandika."

"Uliniambia nisipige. Safari hii nilisikia."

Penina alikuwa na maneno makali aliyoyatunza wiki nne, na sasa yalikosa mtu wa kuyapokea.

"Kesho alfajiri napanda basi la Dodoma," alisema mwisho. "Ukitaka kuja stendi, njoo. Sijasema nimekusamehe."

"Sijasikia hivyo."

Stendi ya Karatu saa kumi na mbili asubuhi ina baridi ya kung'ata masikio. Wauza mayai walizunguka na ndoo zao, wapiga debe waligombania begi la padri. Penina alivaa suruali nyeusi na sweta zito, nywele amezifunga kitambaa. Silvanus alikuja na begi la safari mgongoni. Hawakukumbatiana. Alisimama kando ya kiti chake, mikono haijui pa kukaa.

Basi lilikuwa na ngazi nne, nyembamba na ndefu. Kondakta akateremka akikunja mikono ya sweta.

"Dada, tukubebe chapchap, muda umekwenda. Kaka, shika miguu."

Silvanus alisogea nusu hatua. Akasimama.

"Muulize mwenyewe," alisema.

"Napanda mwenyewe," Penina alisema.

Alisogeza kiti mpaka mlangoni, akafunga breki, akahamia ngazi ya kwanza, mgongo kuelekea ndani. Akakaza mikono, akajinyanyua ya pili. Miguu akaivuta mmoja mmoja, kama anayeokota mizigo. Chuma kilikuwa na tope la abiria waliotangulia, likamwingia viganjani.

"We kaka!" mwanamke mmoja akaita kutoka dirishani. "Mwenzio anatambaa wewe umesimama kama nguzo!"

"Mbebe, bwana!"

"Mwanaume gani huyo? Angekuwa mdogo wangu ningemchapa."

Silvanus alikunja kiti mwendo, akakishikilia kwa mikono yote miwili. Uso ulimwiva. Kwenye ngazi ya tatu Penina alisimama kupumua, kifua kikipanda na kushuka, jasho likimtiririka pembeni mwa kitambaa. Dereva akapiga honi. Wapiga debe wawili wakasogea, na Silvanus akasimama mbele yao.

"Hajaita mtu," alisema. "Akiita, nitasikia."

Penina alimtazama kutoka pale juu kwa muda. Hakuita. Akaimaliza ya nne.

Alipokwisha kukaa, na kiti kimeingizwa kwenye buti, alifungua dirisha, akatoa viganja vyake nje kuvikung'uta.

"Umetokwa na jasho kuliko mimi," alisema.

"Nilitaka kukubeba."

"Najua. Nilikuona." Akavikung'uta tena viganja. "Huko Malambo mtandao upo?"

"Kuna kilima, wanasema. Mpaka upande juu."

"Basi utajua kupanda ni nini." Karibu atabasamu, halafu tabasamu likapita. "Silva, sijui bado. Nikikuona naona mlango ule na watu wanapiga makofi. Labda litaisha. Labda haliishi."

"Nisubiri?"

"Usisubiri chini ya dirisha, utagongwa. Piga Alhamisi, nikuambie wameamua nini. Baba akikupigia kabla yangu akakuita mkwe, mwambie mimi sijaulizwa."

Basi likaunguruma. Penina akaufunga mkono wake wenye tope juu ya mkono wa Silvanus, akaubana mara moja kwa nguvu, akauachia, akafunga dirisha. Basi likachukua barabara ya Makuyuni, taa zake nyekundu zikifutika katika ukungu.

Muuza mayai, mama wa makamo mwenye kanga mbili, alikuwa bado amemkazia macho.

"Ni mkeo yule?"

"Bado, mama."

"Hatakuwa," mama alisema kwa uhakika, "kwa tabia hiyo."

Silvanus alitazama mkono wake uliobaki na tope. "Inawezekana," alijibu, akaliweka sawa begi mgongoni, akaenda kuulizia gari la Malambo.